Kosgei Hukimbia Mara Nane Katika Kumi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimepata dawa ya Kosgei! Kosgei ni nyapara wa wakamuaji hapa shambani. Alipigana Burma, na huko askari wageni walimfundisha mchezo wa karata unaoitwa poka. Tangu Krismasi ananifundisha. Yaani ananinyoa. Tunacheza saa nane mpaka saa tisa nyuma ya zizi la ndama, kwa maharagwe, kwa sababu Milcah mke wangu ni mtu wa kanisa na amekataza pesa. Maharagwe hakukataza. Ni yake, ya mbegu, lakini hilo tutalizungumza baadaye.

Sasa dawa. Katika poka mtu anaweza kushinda bila karata. Anatia maharagwe mengi, anakaza uso, mwenzake anaogopa, anatupa karata zake, yaani anakimbia, basi. Kosgei anasema hayo ni mambo ya moyo. Wapi! Ni hesabu. Mimi ni karani wa maziwa, nimefika darasa la sita, mtu asiniambie habari za moyo. Katikati kuna maharagwe sita. Natia matatu ya kutishia. Akikimbia, nachukua sita. Asipokimbia, napoteza matatu. Kwa hivyo akikimbia mara moja tu katika tatu, sipati wala sipotezi. Akizidisha hapo, ni faida tupu.

Kilichobaki ni kujua Kosgei hukimbia mara ngapi. Nimemjaribu siku kumi za kazi, jaribio moja kila siku, mwisho kabisa, maharagwe yakishajaa. Leo alishika kidevu, akaniangalia, kengele ya kukamua ikalia, akatupa karata, akaondoka mbio. Nimeandika nyuma ya daftari la maziwa: amekimbia. Jumla nane katika kumi! Mara mbili tu alikaa, zote Alhamisi, siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, ambapo kukamua huchelewa. Sijui Alhamisi ina nini kwake.

Jumanne, 5 Machi

Milcah amesema Jumapili tunakwenda kwa mama yake, ng'ambo ya Rongai. Maili kumi na moja. Hajamwona tangu harusi. Tutakwenda kwa baiskeli, yeye nyuma. Amefua kitambaa cha kichwa mara mbili na siku zenyewe bado tano. Anaimba tu. Napenda akiimba, ingawa sijamwambia.

Lakini mikono mitupu! Milcah anasema sukari na majani chai yanatosha, mama anataka kumwona yeye, si mizigo. Hajui mambo. Mume wa dada yake, dereva pale Nakuru mjini, alipeleka kondoo. Mwaka mzima nasikia habari za huyo kondoo. Alivyonona! Alivyokuwa na adabu!

Kosgei ana kondoo dume mzuri. Nimefikiria.

Alhamisi, 7 Machi

Tumepatana. Jumamosi, siku ya mapumziko ya Kosgei, mchezo mmoja wa maana. Yeye anaweka kondoo, mimi naweka nusu debe ya mbegu. Alikubali haraka. Nilimhurumia kidogo.

Siri yangu ni hii. Karata zikiwa mbaya, nitaongeza baiskeli. Baiskeli ni sawa na kondoo wawili. Natia wawili nipate mmoja, basi lazima akimbie mara mbili katika tatu. Yeye hukimbia nane katika kumi. Nane katika kumi inazidi mbili katika tatu. Nimepiga hesabu mara tatu, mara moja kwa wino.

Tangu Jumatatu sijamjaribu tena, na leo ndiyo kabisa. Ni Alhamisi.

Jioni nilifanya mazoezi ya kukaza uso mbele ya kioo. Milcah akauliza kama jino linauma. Nikasema hapana. Ameniwekea karafuu.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike upesi.

Nilipata mfalme mmoja na takataka nne. Nikabadilisha takataka, nikapata takataka nyingine. Sikuogopa. Hesabu haitaki karata. Nikakaza uso, nikasema naongeza baiskeli. Kosgei akashika kidevu, kama kawaida. Akavua koti lake la jeshi, akalilaza juu ya debe polepole, akasema anataka kuona karata zangu.

Nikangoja akimbie. Kengele ikalia. Wakamuaji wote mbio na ndoo zao. Kosgei hakusogea! Akafungua karata: saba mbili, na jozi humshinda mfalme mmoja. Saba mbili tu, wuui, mtu wa kuweka koti kwa saba mbili!

Ametia mbegu kwenye gunia. Ameondoka anasukuma baiskeli yangu, hata kupanda hajui.

Jioni Milcah akauliza baiskeli iko wapi. Nikakaza uso. Nikasema iko kwa fundi pale Njoro, mnyororo. Akasema fundi ni Msabato, Jumamosi hafungui. Hilo sikuliweka kwenye hesabu. Nikasema yote.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikunja kitambaa chake, akasema mama atakuwa amekwisha fagia kiwanja, akalala akiangalia ukuta. Mimi ni mjinga. Mjinga kabisa. Nimeandika ili isionekane nimesahau.

Jumapili, 10 Machi

Kuamka, Milcah hayuko! Nikadhani amekwenda kwa miguu peke yake, maili kumi na moja. Nikavaa viatu, nikatoka mbio bila kofia, na hapo kwenye birika la ng'ombe nikakutana naye. Anasukuma baiskeli.

Amekwenda kwa Kosgei alfajiri. Amemwambia baiskeli si yangu, ni mali ya shamba, ina namba chini ya kiti, na kesho asubuhi bwana mwenye shamba anahesabu vifaa vyote. Atakayekutwa nayo ajieleze mwenyewe. Kosgei akaitoa papo hapo.

Haina namba. Niliinunua mwenyewe. Milcah, mwalimu wa watoto wa kanisa! Nikamwuliza amepiga hesabu gani. Akasema hesabu ya nini, amesema tu, na kwamba ataomba msamaha wa uongo huo njiani. Kweli aliomba, kuanzia daraja mpaka Rongai, huku ameshika koti langu. Kwenye mlima nilishuka nikasukuma, yeye akabaki amekaa kama bibi harusi. Sijawahi kufurahia mlima hivyo.

Mama mkwe alilia alipomwona. Walishikana mikono mchana kutwa. Mzigo hakuuliza. Aliuliza kwa nini nimekonda, akanijazia sahani mara tatu. Tulipoaga akatupa mbuzi jike, mwenye mimba, awe mwanzo wa boma letu. Milcah amemwita Tumaini. Jioni yote ametembea naye kwa kamba, huku akimsimulia mambo. Nimeapa: karata basi.

Jumanne, 12 Machi

Kosgei alinikuta kwenye mizani ya maziwa. Anacheka. Anasema alijua ni uongo, yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo mwaka wa sita na hakuna baiskeli yenye namba. Alimwachia tu, kwa sababu mtu hamkatizi binti njia ya kwa mama yake. Na ile kengele, anasema, ndiyo iliyokuwa ikimkimbiza siku zote. Jumamosi hakuwa kazini, kwa nini akimbie?

Nimemwangalia kwa huruma. Mtu akishindwa ndivyo husema. Kengele! Mimi huisikia kila siku na sijawahi kukimbia.

Nimefungua daftari. Mtu wa haki huandika na hasara: Jumamosi, hakukimbia. Lakini Jumapili alfajiri Milcah alimtishia bila karata hata moja, na amekimbia. Kengele haikulia. Jumla tisa katika kumi na mbili. Ni robo tatu. Na robo tatu inazidi theluthi mbili!

Kumbe hesabu ilikuwa sawa tangu mwanzo. Jumamosi ilikuwa bahati mbaya tu.

Kosgei bado ana yule kondoo, na mbegu zetu. Jumamosi hii pia anapumzika. Milcah yuko nje, anamkatia Tumaini majani. Anaimba. Mbuzi mwenye mimba ni sawa na kondoo wawili.