Giaboksi Yenye Adabu Mbele ya Fundi

Ndugu Mkuu wa Karakana,

YAH: GIABOKSI INAYOTUTESA NYUMBANI NA KUJITIA UTAKATIFU KWENU

Salamu zitangulie, pamoja na matumaini kwamba wewe na mafundi wako mu wazima, kwa kuwa nina mengi ya kueleza na nisingependa kumwelemea mgonjwa.

Mimi ndiye mwenye lile gari jeupe la otomatiki, lenye rafu za mbao nyuma, linalobeba keki za mke wangu kuzipeleka kwenye harusi za watu. Unalijua. Linafika kwenu mara nyingi kuliko baadhi ya wafanyakazi wako. Dhamana yake inaisha mwisho wa mwezi huu. Ikiisha kabla ugonjwa haujaonekana, giaboksi itakuwa msiba wetu peke yetu, na mke wangu atarudi kupeleka keki kwa gari la kukodi lenye dereva anayepiga honi kila akiona mtu. Ndiyo maana naandika kwa haraka, ingawa kwa heshima zote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba gari ni gonjwa. Likishapata moto, likawa linapanda mwinuko, gia ya pili ikitakiwa kuipisha ya tatu husita kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha hujitupa ghafla. Nililisikia kwa kiuno changu mwenyewe siku tulipopeleka keki ya ngazi tatu. Tuliondoka na ngazi tatu, tukafika na uji. Mke wangu aliwaambia wenye harusi kwamba huo ni mtindo mpya, nao wakakubali, maana hakuna anayebishana na mwanamke aliyeshika kisu cha keki. Lakini tuliporudi nyumbani alilia, na mimi mke wangu akilia siwezi kula.

Naomba usinijibu kwamba kosa ni la dereva. Nimeendesha malori hadi goti la kulia likaniomba talaka. Tangu siku ile ya keki, kwa ajili ya hilo goti, gari linaendeshwa na binti yetu mkubwa, ambaye mguu wake ni mwepesi na akili yake imetulia. Au ndivyo nilivyodhani.

2. Kwamba gari ni nafiki. Likifika kwenu linabadili gia kwa ulaini wa mtu anayekunja shuka. Kila binti akirudi jibu ni lile lile: hawajaona kitu, arudi Jumamosi. Mkuu, sote tumelea. Unamjua yule mtoto anayevunja vyombo kutwa nzima, halafu wageni wakibisha hodi anamwamkia shikamoo kila mmoja, hata paka. Ukimwuliza mgeni, atakwambia mtoto huyo amelelewa. Sasa ninyi mmekuwa wageni wa gari langu.

3. Kwamba fundi mliyetupangia, yule mrefu mnayemwita Taratibu, ni makini kupita kiasi. Sina ugomvi na umakini. Ila huyu haiamini hata kompyuta yenu ya kupimia. Anasema ugonjwa wa kuja na kuondoka husikilizwa barabarani, tena sharti dereva wa kila siku awemo garini, kwa sababu giaboksi huzoea mguu wa mtu. Hilo nalikubali, ni la kitaalamu. Ninachouliza ni kuhusu barabara anazozichagua. Nimesema wazi kwamba gari linasumbua kwenye mwinuko. Yeye juzi amelipeleka kwenye bustani ya maua nje ya mji, mahali tambarare kama meza. Wakazima injini wakangoja ipoe ili walisikilize likianza upya, na kupoa kwenyewe kukachukua mchana mzima. Injini gani hiyo, ya meli?

Sikatai kwamba anajitahidi. Kwenye rafu ya keki niliokota vikombe viwili vya aiskrimu, na binti akanieleza kuwa ni vya kupimia mtikisiko. Niliridhika, maana sisi wa malori tulitumia glasi ya maji. Lakini kwa nini viwe vimelambwa hadi chini?

4. Kwamba mnamtesa mtoto wa watu. Jumamosi binti yangu huamka mapema, hupiga pasi gauni, hujipulizia manukato ili, kwa maneno yake, ashindane na harufu ya grisi. Amekuwa kiguu na njia kwa ajili ya gari la mama yake, wala halalamiki. Ila dhamana ikitajwa mezani, anaacha kula. Majuzi aliniuliza kama dhamana ikiisha mtu anaweza kuomba nyingine, na machozi yakamlengalenga. Nimeishi miaka mingi, Mkuu, na sijawahi kumwona msichana mwenye uchungu namna hii na giaboksi. Nikimwambia mama yake haya, hugeukia oveni, mabega yakimtikisika. Nadhani naye analia.

Dalili ya mvua ni mawingu. Nyumba yangu inasambaratika kwa gia moja.

5. Kwamba sasa gari limeanza kunificha hata mimi. Nimepanda na binti mara kadhaa, nikakaa nyuma na trei ya mayai magotini, tukapanda miinuko yote ya mji huu pamoja na ule wa sokoni unaowashinda punda. Hakuna hata yai lililogusana na mwenzake. Nikishuka tu, siku ya pili yake binti ananiambia limeshtuka tena. Maana yake ni kwamba gari limenitambua. Likikuona wewe linatulia, likimwona Taratibu linatulia, likiniona mimi linatulia, na linamwonea mtoto wa kike akiwa peke yake. Huu si ugonjwa tena, ni tabia.

Kwa sababu hizo, naomba mambo mawili.

Kwanza, muiongeze dhamana hadi gari lichoke kujifanya. Hakuna mnafiki asiyechoka.

Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza, kama la kwanza ni gumu, basi fundi Taratibu ahamie kwangu. Ugonjwa unaoonekana nyumbani utafutwe nyumbani. Chumba cha nje kipo, kina kitanda kizuri na dirisha linalotazama gari. Atakula nasi. Binti atakuwa akiendesha naye amekaa pembeni yake, asubuhi hadi jioni, wamezingira giaboksi kama polisi waliojificha. Iwapo mwezi utaisha hawajaikamata, asiondoke. Akae mwaka. Akae miaka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nitamchukulia kama mwanangu wa kumzaa. Binti nimemdokezea mpango huu asubuhi hii, akapaliwa na chai, nikaona jinsi alivyochoshwa na safari za kwenu. Kama Taratibu mwenyewe ataona haya, mwamuru. Wewe ndiye mkubwa wake.

Nikimalizia, nisalimie dada wa mapokezi, ambaye sasa analitambua gari letu kwa mlio. Mlinzi wa getini anayelipigia saluti. Mafundi wote, wa injini na wa rangi. Na Taratibu mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye ila miguu yake inachelewa kufika mahali panapouma.

Ni mimi mteja wenu mwenye subira inayokaribia ukingoni,
Baba mwenye gari jeupe, dereva mstaafu wa malori.

Tanbihi: Nilimpa mke wangu barua hii anisahihishie nukta na mikato. Alicheka hadi akaketi juu ya gunia la unga. Kisha akamwita binti.

Basi nimeambiwa. Giaboksi ilipona zamani. Taratibu aliukamata ugonjwa kwenye safari ya pili tu, akabadilisha vali moja ndogo kwa dhamana yenu, na tangu hapo gari ni zima kabisa. Jumamosi zote zilizofuata hazikuwa za gia. Mama yake alijua siku nyingi, na pale kwenye oveni hakuwa analia.

Nilikasirika kwa muda wa chai kupoa. Halafu nikafurahi, nalisema bila kuficha, na nikaumia kidogo pia, kwa kuwa binti huyu ndiye anayejaza nyumba kelele. Kwa hiyo ombi la kwanza nalifuta. Dhamana iishe salama. Ombi la pili nalifuta kwa mistari miwili. Taratibu asilale chumba cha nje. Asile kwangu. Asikae pembeni ya binti yangu asubuhi wala jioni, bustanini wala penginepo, mpaka wazee wake waje kubisha hodi kama watu. Mkwe halali ukweni kabla ya posa.

Nilipofika hapo binti akaongeza jambo, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu. Kwamba Taratibu amefiwa na baba, kwamba mshenga aliyemwomba ni mkubwa wake wa kazini, kwamba mkubwa huyo amekubali, na kwamba anakuja kwangu Jumapili hii.

Ningeichana barua hii, lakini mke wangu ameichukua na anasema lazima ifike, ili mshenga ajue mapema anakwenda nyumba ya namna gani. Basi isome, Mkuu. Kisha Jumapili uje kama mtu ambaye hajaisoma, nami nitakupokea kama mtu ambaye hakuiandika.