Keki Tatu za Kaimu Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 18 Machi
Halmashauri imeleta fomu ya kutathmini uongozi wa shule. Walimu saba, maswali kumi na mawili, alama moja hadi tano, bila majina. Mwisho Alhamisi. Nikipata wastani wa nne, ukaimu kwisha, nakuwa mwalimu mkuu kamili! Nikikosa, kiti ni cha Tuulikki wa hisabati, anayeimezea mate ofisi yangu tangu ajue ina madirisha mawili.

Mpango: kuwalainisha wakati wa kahawa ya saa nne. Nimeoka mikate ya mdalasini ishirini na minne. Wamekula kimya. Kimya kabisa! Kwetu hizo ndizo sifa.

Jumanne, 19 Machi
Keki ya beri za msituni. Tuulikki akauliza kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu, nimejisikia tu. Wakatazamana. Akauliza kama mke wangu anajua. Swali gani hilo! Helmi ndiye aliyekoroga unga. Nikasema anajua na ameniunga mkono. Tuulikki akasema nina ujasiri. Wivu mtupu! Kipande chake nilikikata chembamba, unaona sahani upande wa pili.

Eino, mtunza jengo, akanipa mkono na kuung'ang'ania. Miaka kumi na moja hajawahi hata kunitazama usoni.

Jumatano, 20 Machi
Keki ya krimu, ghorofa mbili. Marjukka wa darasa la kwanza akatokwa na machozi. Akasema mtu hajui alichonacho mpaka... hakumaliza. Moyoni nikasema: tano hiyo!

Alhamisi, 21 Machi
Wamenipa zawadi! Keekee mpya ya kutobolea barafu ziwani, na utepe juu. Eino akasema sasa nitapata wasaa wa kuvua samaki. Kweli kabisa. Kiongozi bora huwaachia wengine kazi. Tuulikki naye akahutubia kwa sentensi mbili nzima. Huyo amekwisha!

Ijumaa, 22 Machi
Nne nukta tisa! Nimepiga meza ngumi, kahawa ikamwagikia suruali. Sikujali.

Kisha mkuu wa elimu wa halmashauri akapiga simu. Akasema amesikitika, ila anauheshimu uamuzi wangu. Uamuzi gani tena? Akanisomea maoni ya walimu. Ametuongoza vizuri. Tutamkosa. Apate samaki wengi huko aendako. Nafasi imetangazwa asubuhi, na mwombaji wa kwanza kashajitokeza: Tuulikki! Nikamwambia siendi popote. Akasema tangazo halirudi nyuma, niombe kama wengine.

Nikamvamia Tuulikki darasani. Akanishangaa. Akasema, we Veijo, hapa mtu huleta keki akitimiza miaka hamsini au akiaga. Hamsini yako tuliila mwaka juzi. Safari hii umeleta siku tatu mfululizo, tukajua hurudi!

Nilitaka kulia. Nne nukta tisa, na zote ni za mtu anayeondoka. Nikamuuliza, kama angejua nabaki, angenipa ngapi? Akaanza kufuta ubao. Ulikuwa msafi.

Jumatatu, 8 Aprili
Usaili ni kesho. Tuko wawili tu, mimi na yeye. Nimeitaka kazi hii miaka kumi na moja, siwezi kwenda mikono mitupu. Kosa langu nimeligundua: ni sukari. Vitu vitamu vinachanganya watu. Kwa hiyo jopo la usaili nimeliandalia keki ya mkate na samaki wa samoni, yenye mayai na majani mabichi ya bizari juu, ya kuwatosha watu ishirini. Wao ni watano.

Helmi ameitazama, akasema ndiyo ileile tuliyokula kwenye mazishi ya mjomba wangu.

Nimemjibu kwamba siku ile hakikubaki hata kipande.