Nimempita Nurudini kwa Programu ya Maharage

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kasulu yote ni Winifrida, Winifrida. Binti wa kaka yangu. Ametengeneza programu ya simu inayoonyesha bei ya maharage hapa, Kibondo na Mabamba. Lakini duka la mtandaoni linalomuuzia linakata thelathini katika kila mia. Wizi! Hata mimi, dalali wa maharage, sikati hivyo. Nikikata, angalau natoka jasho.

Jumatano, 5 Juni
Nimeshindwa kula. Winifrida anaacha lile duka, atauza mwenyewe. Na wakala ni nani? Nurudini muuza vocha! Eti hataki chochote, anataka tu watu waingie dukani kwake. Mimi niliyembeba huyo mtoto nikivuka Malagarasi, mamba wananipisha! Nikaenda kwa Winifrida kudai uwakala. Nikaomba nusu tu, kindugu.
Akanipa kiti kwanza. "Baba mdogo, nimekimbia thelathini, wewe unanipeleka hamsini?"

Alhamisi, 6 Juni
Nimekubali kuuza bure. Mradi nimpite Nurudini.
Nikapanda bodaboda mpaka Makere, kwa wakulima ninaowanunulia maharage kila msimu. Nikawaambia programu hii Winifrida nilimfundisha mimi, na mnara wa simu pale kilimani niliusimamisha kwa bega. Nikaapa kwamba bei zake hazidanganyi. Wamenunua wote. Jioni nimepita mbele ya duka la Nurudini. Taratibu. Mara mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudi Makere kununua maharage. Nikataja bei yangu ya miaka yote. Mzee Ndihokubwayo akatoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Mabamba ni karibu mara mbili. Nikasema simu hudanganya.
"Aliyetuuzia aliapa haidanganyi," akasema. "Alikuwa na shati hilohilo."
Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha mkewe akapitisha kiganja juu ya debe langu, akaondoa kichwa chote, lile rundo la juu ambalo sijawahi kulilipia tangu nianze kazi. Hadharani! Bei yao sikuiweza, nimerudi na magunia matupu.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada Winifrida kaja kushukuru. Kwa wateja wa Makere, lile duka la mtandaoni hana haja nalo tena. Akasema anamshukuru Nurudini na baba mdogo. Nurudini kwanza! Magunia sikuyawaza tena. Kutajwa wa pili ndiko kumeniuma.
Kesho naenda Heru Juu. Huko programu hawaijui. Nitawauzia wote, nyumba kwa nyumba, tuone nani atatajwa kwanza.
Maharage yao nitayanunua Jumamosi. Kwa bei yangu ya miaka yote.