Mashine ya Kusagia Kahawa Inaomba Uhuru Wake

Katuba, Elisabethville, 9 Machi 1962

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Nyumba ya Kisasa",

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imepungua kidogo tangu nifuate ushauri wako. Uliandika kwamba mwenye mfuko mwembamba anayetaka espresso nyumbani anunue mashine ndogo ya kuvuta kwa mkono, isiyo na mapambo, kisha nguvu zote aziweke kwenye mashine ya kusagia, maana kahawa iliyosagwa vibaya ni maji machafu tu. Nikatii. Nilivinunua vyote viwili kwa Mzungu aliyekuwa akifunga masanduku yake. Ukasema pia cha kusagia kikazwe kwenye meza nzito. Meza yangu nzito iko barazani. Hapo ndipo uliponimaliza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika lupango letu, yaani uwanja wa nyumba zetu nne, kinu kikikaa nje ni cha wote. Asubuhi ya kwanza jirani yangu Mama Chileshe alikuja na karanga zake. Nilipomzuia alinitazama kama mgonjwa: "Kintu ya kusaga haiko ya muntu moja, Baba Zéphirin." Siku hiyo juu ya espresso yangu yalielea mafuta ya karanga.

2. Ndakala wakavu, yaani dagaa, nao walisagwa humo. Sitaki kueleza zaidi.

3. Espresso inataka unga laini. Mama Chileshe analegeza skrubu kwa ajili ya mahindi, mimi naikaza, na kila nikiikaza naharibu vikombe viwili kabla ya kupata kimoja cha kunyweka. Na tangu Katanga yetu ijitenge, kahawa ya Kivu haifiki tena! Nimebaki na kopo moja, nalo ni la baba mkwe. Mke wangu Clotilde alikimbilia kwa baba yake huyo, Mzee Kabwe, kule Sakania wakati wa mabomu ya Desemba, naye hatamrudisha mpaka aone nyumba yangu imetulia. Anakuja Jumapili kuikagua, na nimeahidi espresso. Ndugu Mhariri, namkumbuka mke wangu mno.

4. Sasa kuna foleni. Mimi ni wa sita.

Kwa hiyo naomba utangaze kwamba, kama Katanga ilivyojitenga na Kongo, mashine yangu nayo imejitenga na lupango. Mipaka yake ni miguu minne ya meza. Bendera nitashona mwenyewe. Mama Chileshe ataingia kwa viza.

Nisalimie wapiga chapa, mama watoto, na yule aliyechora vile vikombe vizuri.

Wako mwenye kiu,
Zéphirin Kalaba, karani

P.S. Jumapili jioni. Barua ilichelewa kwenda posta. Mzee alikuja na Clotilde, na kopo la kahawa lilikuwa limeisha jana nikijaribu kukaza skrubu. Nilisimama mbele ya mashine tupu nikitaka kulia. Mama Chileshe akakaanga mahindi mpaka yakawa meusi, akaikaza skrubu mwenyewe, mara moja tu, bila kupoteza punje, akanipa unga nikavuta mkono wa mashine. Mzee alikunywa vikombe vitatu, akasema hajapata kuonja kahawa kama hiyo, akapanda treni peke yake. Sanduku la Clotilde liko chumbani. Nina furaha hadi mwandiko umeharibika.

Uhuru wa meza umefutwa. Naomba tu ushauri mwingine: mashine ya kusagia iliyo kubwa zaidi inapatikana wapi? Clotilde alipewa nafasi ya saba, nami nimemwachia ya sita.