Kilio cha Kabamba wa Baiskeli

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Siku ya kwanza ya shule. Lori la mawe ya shaba limemkwaruza Tina wangu kwenye kona ya Dilala. Madigadi ya nyuma ya baiskeli yake imekwenda, mtoto amerudi na hataki hata chai. Ana miaka kumi na mmoja na njia ni hiyo moja tu. Nimeapa: kona hiyo haitamla mwanangu. Nimechora kibao kikubwa cha kuwaonya madereva, POLEPOLE BATOTO, kwa rangi nyekundu. Kazi safi kabisa. Kufika jioni kimeibwa. Laurentine, mke wangu, anasema Mama Fifi anafunika beseni lake la mandazi kwa kibao hicho. Watu wa mtaa huu hawastahili kuokolewa.

Jumatano, 4 Septemba
Nimepata akili. Dereva wa lori anamwogopa nani? Polisi hapana. Padri hapana. Kilio! Akiona matawi ya msiba kando ya barabara, hata mlevi hupunguza mwendo. Basi kabla ya jua nimepanda matawi sita mabichi kwenye kona. Malori yakatambaa. Waendesha baiskeli wakashuka na kusukuma. Tina akavuka kama malkia. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Saa moja baadaye wamama wakafika na viti vyao. Mama Fifi akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza baba yake: “Tata Stani, ule alikufa ni nani?” Sikuwa nimeandaa maiti. Nikasema Kabamba, muuza makala, yaani mkaa, kutoka Sandoa, mzee wa kofia nyeupe, aligongwa na lori akisukuma baiskeli yake. Wakalia vizuri sana. Nami nikalia, maana kwa kweli alikuwa mtu mwema.

Ijumaa, 6 Septemba
Vumbi zito tangu alfajiri, huoni mkono wako. Akram, dereva wa lori, amekuja nyumbani, uso umemshuka. Anasema alikuwa anakimbia, mara mzee akasimama katikati ya barabara na baiskeli yake. “Alinyanyua mukono, tata. Nikafunga frein, lori ikasimama. Batoto bakapita nyuma yake.” Alipoteremka kumshukuru, hakuna mtu. Nikamuuliza alivaaje. Kofia nyeupe, akasema, na mguu wa suruali umefungwa kwa kipande cha chemba, ule mpira wa ndani ya tairi.

Kofia niliitaja. Chemba sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeibuni kitandani, nikaiweka akiba, endapo wamama wangeuliza zaidi. Nimecheka mbele ya Akram.

Laurentine hakucheka. “Mufu habamwite bule, Stani. Ukimwita, anakuya.” Ameniamuru niondoe matawi. Nimeondoa yote sita na kuyachoma uani. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini si mtu wa ubishi pia.

Jumatatu, 9 Septemba
Matawi yamerudi. Sita, mabichi, utomvu bado unatoka. Nimeuliza mtaa mzima, kila mtu anadhani ni mimi.

Tina amerudi kutoka shuleni akiwa mchangamfu. Anasema tata Kabamba alishika kiti cha baiskeli yake mpaka akavuka. Nikauliza mkono ulikuwaje. Baridi, akasema, lakini haumizi. Kwenye kiti kuna alama za vidole vitano, nyeusi, za makala. Nimefuta kwa sabuni, nimefuta kwa mafuta ya taa. Zipo. Naogopa, naandika wazi kwamba naogopa.

Lakini tuseme ukweli: tangu Jumatano hakuna mtoto aliyeguswa. Na shukrani anapewa nani? Kabamba! Mama Fifi anamwekea andazi la moto kila asubuhi, juu ya jiwe. Misa inaombwa kwa ajili yake. Mimi niliyemleta duniani, na kumtoa siku hiyohiyo, sijapewa hata makombo.

Alhamisi, 12 Septemba
Mkurugenzi wa shule ya njia panda ya pili, mbele kidogo ya kona yetu, amenitembelea, kofia mkononi. Amesikia habari zetu. Kwao malori yanapita mbio vilevile. Ameniuliza kwa heshima kama sisi tunaweza kuwapatia mfu mwingine.

Laurentine amenisihi niache. Nimemweleza kwamba kosa nimeliona na limenifunza: nilimwita mgeni, mtu asiye na kwao hapa. Safari hii lazima awe mfu anayejulikana mtaani, mwenye familia na adabu, ambaye watu watamshukuru kwa jina lake. Nimefikiri sana. Mtu wa namna hiyo ni mmoja tu.

Picha yangu niliyovaa tai nimeiweka tayari kwa kilio. Matawi nitayapanda kesho, kabla ya jua. Nilitaka kumwomba Laurentine ajizoeze kulia kidogo, ili watu wa njia panda waamini. Lakini naandika haya na namsikia jikoni, ameshaanza mwenyewe, na analia vizuri kuliko nilivyotarajia.