Tumbo Safi la Mzee Qiu

Jumatatu, 3 Juni

Nina miaka themanini na mitatu. Nimeipita njaa kubwa. Nimewazika wake wawili, nyati watano wa kulimia na daktari aliyenikataza pombe ya mchele. Tumbo halijaniuma hata siku moja.

Mjukuu wangu Suyun ana miaka kumi na tisa na kilo thelathini na nane. Mwaka wa pili huu utumbo wake unatoa damu. Mtihani wa chuo kaukosa mara mbili.

Leo kaja Daktari Ouyang kutoka mjini. Mwanamke, miwani minene. Kasema tumbo lenye afya lina bakteria wa kila aina, la Suyun limebaki na wachache. Atatafuta mtu mwenye afya, achukue choo chake, bakteria wake awapandikize kwa mgonjwa. Tena anataka damu ya kijiji kizima, sisi Wahakka wa bondeni na watu wa kabila la She wa mlimani. Eti vinasaba vya ugonjwa huu kwetu Wachina si vile vya vitabu vya Wazungu, na hata sisi kwa sisi huenda tunatofautiana.

Nikasimama. Nikasema asihangaike, mavi bora kijijini ni yangu. Daktari akanijibu kwa adabu: babu, mwisho miaka sitini. Lan Tiansheng, jirani yangu wa She, miaka hamsini na saba, mikono haijui sabuni, akadakia, "Pole, Mzee Qiu. Hata mavi yako yamestaafu!"

Wakacheka mpaka watoto.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia! Mwanangu Jinwang, baba yake Suyun, ana hamsini na mbili. Katoa damu, kapewa kopo la choo lenye jina lake. Linarudishwa Ijumaa. Mtoto mzuri, lakini tumbo lake linalia kuliko bata anaowafuga. Kopo nitalijaza mimi.

Kwanza nijisafishe. Daktari asikute uchafu. Tangu jana nakunywa mzizi wa huanglian, bakuli tatu kwa siku, mchungu hadi masikio yanaziba. Juu yake vidonge. Bibi Wen wa duka la dawa kaniuliza kama najua vinaua bakteria. Nikamwambia ndiyo maana navinunua.

Suyun kala vijiko viwili vya uji.

Ijumaa, 7 Juni

Choo cha Jinwang nimekimwaga kwenye magimbi. Changu ndani. Kidogo, majimaji, lakini safi! Hakina hata harufu.

Njiani nikamkuta Lan, kopo lake kwenye mfuko wa mboga, anapiga mluzi. Akaniuliza hilo langu ni choo au ni mchuzi. Wivu.

Ijumaa, 21 Juni

Daktari kaja mwenyewe na majibu. Kasema kopo la Jinwang halina bakteria karibu kabisa, kama limeoshwa kwa dawa ya sakafu. Nikatabasamu. Halafu akasema vinasaba vilivyomo kwenye choo si vya aliyetoa damu. Ni vya mzazi wake.

Jinwang akanitazama. Wote wakanitazama. Nikasema mashine za siku hizi zina umbea.

Jinwang kafutwa orodhani. Aliyechaguliwa ni Lan! Kopo lake, kasema daktari, limejaa kama soko la mkesha wa mwaka mpya.

Suyun kalazwa tangu Jumanne, damu imezidi. Jinwang kaniambia, baba, wiki mbili za mwanangu umezimwaga kwenye magimbi. Nikaenda kusukutua maji ya chumvi. Ufizi ulikuwa unaniuma.

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda hospitali kumwambia Suyun akatae. Nimemweleza taratibu: ukoo wa Qiu una kitabu cha vizazi ishirini na sita, hamna Lan hata mmoja ndani. Hawezi kutiwa mlima mzima tumboni.

Akanijibu macho yamefumbwa. "Babu, hata mavi ya nguruwe wa Mzee Lan nitapokea. Nataka kula wali." Akaniomba nitoke, apumzike.

Nilikaa ngazini saa nzima. Lifti sizipendi.

Jumanne, 16 Julai

Suyun karudi na bakteria wa Lan tumboni. Kilo arobaini na mbili. Kala bakuli mbili za wali, akaomba paja la bata.

Lan kakaribishwa mezani, kakalishwa kiti cha juu. Kiti changu. Kila mtu anasifia utumbo wake. Nikaona haki isemwe. Nikasimama nikawaambia: tangu alipofiwa na mkewe, miaka kumi na moja, Lan anachota majani ya haradali yaliyochachushwa kwa chumvi kwenye mtungi wangu wa barazani, kwa mkono wake huohuo usiojua sabuni. Anadhani simwoni. Namwona kila mara. Basi bakteria hao ni wangu, yeye nimemwazima tu.

Lan kacheka mpaka wali ukamtokea puani. Hakukana!

Nimemwandikia daktari barua, abadilishe jina la Lan liwe langu kwenye karatasi zake. Kesho naipeleka, pamoja na chupa ya haradali kama ushahidi. Nimeichemsha mara tatu, asikute mdudu hata mmoja.

Asiyeamini kwamba bakteria ni wangu amuulize Lan. Asiyeamini kwamba chupa ni safi amuulize Jinwang. Alisimama mlangoni mwa jiko wakati nachemsha, kashika kichwa kwa mikono miwili.