Jibini kwa Watoto Walioandikishwa

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Vitafunio vya Utotoni inautangazia umma kwamba jibini imewasili. Imewasili ikiwa nzima, ya njano, imefungwa vizuri, na imekabidhiwa kwa chekechea ya idara iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na makao makuu. Kila mtoto aliyeandikishwa atapata, saa nne asubuhi, kitafunio chenye jibini ambacho ni cha haraka kuandaa, kina afya, na hakimtoboi mtu mfuko.

Tangazo hilo niliandika mimi. Mimi ni karani wa idara. Ukarani sikuusomea, nilijifunza kwa kuwasikiliza wakubwa na kuandika walichokusudia kusema. Nitaeleza yaliyofuata polepole na bila kumlaumu mtu, maana kila aliyehusika alikuwa akifuata utaratibu.

Siku ya kwanza mpishi wa chekechea, mama mwenye sauti inayofika getini bila kusukumwa, alikuna jibini, akakuna karoti, akavichanganya, akavibana katikati ya vipande vya mkate na kuvigeuza kwenye kikaango kikavu mpaka jibini ikaanza kuchungulia pembeni. Maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka. Watoto walikuwa wameshanawa mikono na kupanga foleni. Mbele kabisa alisimama binti mmoja aliyeng'oka meno ya mbele, ambaye wenzake walimwita Kibogoyo, naye aliitika kama anayeitwa kwa cheo.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoingia.

"Simamisheni," alisema. "Hiki kimeonjwa?"

"Nimeonja chumvi," mpishi akajibu.

"Wewe umeonja kijikoni. Nauliza kama kimeonjwa kiofisi."

Hakikuwa kimeonjwa kiofisi. Kamati ikaundwa papo hapo: Mkurugenzi mwenyewe, Mshauri wa Afya wa kutazama afya, Mchumi wa kutazama unafuu, na bwana mmoja mwenye saa kubwa ya mkononi wa kutazama haraka. Walionja wakiwa wamesimama, na wakaonja vyote. Watoto wakapewa chai na mkate mtupu kama hatua ya mpito.

Kesho yake, kuonja kukiwa kunaendelea, Mchumi aliinua mkono. Alisema, kwa masikitiko, kwamba jibini ile ilitolewa kwa ajili ya watoto walioandikishwa peke yao. Mtu mzima akikutwa anaila, ni kosa la kinidhamu.

Mkurugenzi alikitazama kipande kilichobaki kwenye sahani, na kipande nacho kilikuwa kinapoa.

"Basi tuandikishwe," alisema. "Wajumbe wote wa kamati watahesabiwa kuwa watoto wa chekechea hii, kwa mambo yote."

"Kwa mambo yote, bosi?" Mshauri wa Afya aliuliza. "Si tungesema kwa kula tu?"

"Tukisema kwa kula tu, wenye midomo watasema tunapenda kula."

Hoja ilikuwa nzito. Ikapita bila kupingwa. Mimi sikuandikishwa, kwa sababu lazima mmoja aandike, na mtu haandiki vizuri akiwa na mafuta vidoleni. Mpishi naye hakuandikishwa, kwa sababu hakuna aliyemkumbuka.

Tangu siku ile kamati ilikalia viti vidogo, magoti yakiwa usawa wa masikio, na kila mjumbe alifungwa kitambaa cha kifuani cha kuzuia matone. Cha Mkurugenzi kilikuwa na picha ya bata. Watu wa nje wangeweza kucheka. Sisi wa ndani tuliona uthabiti wa msimamo.

Kazi ilikuwa kubwa. Bwana wa saa aligundua kwamba haraka ya kipande cha kwanza haithibitishi haraka ya kipande cha pili. Viazi vya kuponda vyenye jibini na njegere vilionekana kuwa nafuu, lakini Mchumi alitaka kujua kama vitaendelea kuwa nafuu vikiongezwa. Mayai ya kuvuruga na jibini yalikuwa na afya Jumatatu, ikabidi yathibitishwe Jumanne. Tambi zenye jibini zilileta mgawanyiko wa maoni, na njia pekee ya kuumaliza ilikuwa sufuria nyingine.

Watoto walifuatilia shughuli hizi kupitia dirishani. Kibogoyo alikuwa na sehemu yake maalumu ya kioo, yenye alama ya pua.

"Mjomba," alimwita Mkurugenzi siku moja, "hujashiba tu?"

"Huku si kula, binti yangu. Huku ni kuonja."

"Mbona unameza?"

Mshauri wa Afya alipaliwa. Mkurugenzi akaniagiza niandike kwamba umma unaonyesha ari.

Mpishi hakuona ari. Alikuja mbele ya kamati na mwiko mkononi.

"Bosi, shule inafungwa Ijumaa. Jibini itakayobaki inarudi bohari, mpango umekwisha. Hawa watoto waende likizo wamekula nini? Harufu?"

"Harufu nayo ni hatua ya awali ya utekelezaji," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Tusirukie mambo, mama."

"Kipande kimoja kimoja tu, bosi. Kila mtoto. Basi."

"Ripoti kwanza."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: kipande kimoja cha mkate wenye jibini kwa kila mtoto, kabla Ijumaa haijaisha.

Wiki hiyohiyo lilitokea jambo dogo getini. Jirani wa mzazi mmoja alikuja kumchukua mtoto, na mlinzi, mzee wa koti refu asiyekuwa na haraka na dunia, akamruhusu. Mtoto alifika kwao salama. Hata hivyo Mkurugenzi alimwita mlinzi akamsimamisha mbele yetu sote.

"Mtoto aliyeandikishwa hapa hatoki mpaka mzazi wake aje amtambue kwa macho yake. Sijali mtoto anajiita nani. Sijali analia vipi. Ukirudia, kazi huna."

"Sijali anajiita nani, sijali analia vipi," mlinzi alirudia taratibu, kama anayekariri shairi. "Nimekuelewa, mkubwa."

Ijumaa ikafika. Waziri alikuwa anakuja makao makuu kupokea ripoti, na Mkurugenzi aliona si adabu kumpokea mgeni mikono mitupu. Kabatini kilibaki kipande kimoja kikubwa cha jibini, cha mwisho. Baada ya kamati kuonja kwa mara ya kuhitimisha, alikitoa, akakifunga kwenye taulo la karatasi, akakibana kwapani.

"Hiyo ni ya watoto!" mpishi akamfuata.

"Waziri ni mlezi wa watoto wote," alijibu, na akatoka mbiombio, bata kifuani.

Nilimfuata na ripoti. Getini mlinzi alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake. Hakusimama.

"Fungua," Mkurugenzi akasema.

"Umeandikishwa, mwanangu?"

"Nani mwanao? Mimi ni Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi ofisi yake ipo kule ng'ambo. Humu ndani, kwa jinsi nilivyoambiwa, nina watoto, mwalimu, mpishi na karani. Wewe si mwalimu."

"Mzee, unanijua!"

"Nakujua sana. Ndiyo maana naogopa." Akakohoa kidogo. "Juzi mmoja aliniambia yeye ni simba. Sikumfungulia. Akalia. Sikumfungulia."

Mkurugenzi alinigeukia. Aliniamuru niandike haraka kwamba yeye amefutwa kwenye orodha ya watoto. Nikaandika. Akasaini. Mlinzi akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, kisha akanirudishia.

"Mwandiko mzuri. Lakini hii imesainiwa na mtoto. Wakati mwingine huwa wanaandika na majina ya mama zao."

Wajumbe wengine walikuwa wameshafika, vitambaa vifuani, nao wakajitolea kusaini. Mlinzi aliwatazama kwa huruma akawaambia wasisukumane.

Sikufurahia, lakini nilipitia utaratibu kichwani, na mlinzi alikuwa sahihi. Kamati ilikuwa imejifanya watoto kwa mambo yote. Aliyeweza kuamua lolote kuhusu mpango ule alikuwa mtu mzima anayeufanyia kazi. Mwalimu kazi yake ni darasa, na mlinzi ni geti. Tulibaki wawili: mimi na mpishi.

"Mwite!" Mkurugenzi alifoka. "Kikao cha dharura! Mnirudishe utu uzima sasa hivi!"

Mpishi alikuja akijifuta mikono. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kidogo.

"Kwa hiyo kaka karani, tukikubaliana mimi na wewe, imepita?"

"Imepita, dada."

"Ajenda ya kwanza: watoto wapate kula. Leo. Sasa."

"Ajenda ya kwanza ni mimi!" Mkurugenzi alisema.

"Watoto hawaongei kikao kikiendelea," mpishi alimwambia, bila ukali, kwa sauti ileile anayotumia kila siku.

Nikainua mkono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuinua mkono kikaoni badala ya kalamu, na nilishangaa jinsi ulivyo mwepesi. Ikapita. Mpishi akanyoosha mkono, akaichomoa jibini kwapani kwa Mkurugenzi, akaifungua na kuikagua.

"Imepata joto," alisema. "Itayeyuka upesi zaidi."

"Na mimi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ajenda ya pili. Mkurugenzi arudishwe ukubwani." Mpishi alifikiri. "Mimi sina neno. Lakini mambo ya haraka haraka hayafai, si ndiyo? Ukubwa wake ungeonjwa kwanza. Tutaona Jumatatu, na tukiridhika Jumatatu, tuthibitishe Jumanne."

Nikainua mkono tena. Jikoni kikaango kikawekwa motoni. Naweza kutoa taarifa rasmi kwamba maji ya chai yalikuwa hayajachemka wakati kila mtoto alipokuwa na kipande chake mkononi. Kibogoyo alitafuna kwa pembeni, kwa meno aliyokuwa nayo, huku jibini ikivutika kama uzi kati ya mdomo na mkate.

Mlinzi, kwa kufuata maagizo, alikuwa ameshampigia simu mzazi wa Mkurugenzi. Mama yake alifika kwa miguu, bibi mfupi mwenye mkoba wa nailoni. Nyuma yake tu likasimama gari la Waziri, ambaye alichoka kusubiri ng'ambo ya barabara.

"Huyu ni wako, mama?" mlinzi aliuliza.

Bibi alimtazama mwanawe, kitambaa, bata, na makombo kwenye kidevu. "Ni wangu," alisema. "Amekula?"

"Alikula chakula chetu," Kibogoyo akasema, mdomo umejaa. "Kila siku. Alisema anaonja."

Bibi alitoa leso mkobani, akailowesha kwa ulimi, akamfuta mwanawe kidevu mbele ya Waziri. "Nyumbani tutaongea," alimwambia, na akamshika mkono. Walivuka barabara hivyo, mbele ya makao makuu, na madirisha yote ya ghorofa zote yalikuwa yamejaa vichwa.

Wajumbe waliobaki walikaa chini kusubiri wazazi wao. Mchumi alisema wazazi wake wanaishi mbali sana.

Waziri alinigeukia. "Kwa hiyo mkubwa wa mpango huu sasa ni nani?"

Nilimwonyesha mpishi.

Waziri akavuta pumzi ndefu ya ile harufu iliyotoka jikoni, akatabasamu kama watu wakubwa wanavyotabasamu mbele ya kamera, akasogea kwenye meza na kunyoosha mkono kuelekea kipande kilichokuwa pembeni ya sahani.

"Umeandikishwa?" mpishi aliuliza.

Mkono ukabaki hewani. Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto, kama anayemtafuta mtu anayeulizwa. Kisha akauona mlango, geti, na yule mzee wa koti refu ambaye tayari alikuwa amechukua simu yake.

"Mama yako bado yupo, mheshimiwa?" mlinzi aliuliza kwa heshima zote. "Nipe namba yake kabisa."

Waziri alirudisha mkono mfukoni. Alisema ameshiba.